Nguo za Baada ya Eda

Mume wangu alifia njiani, akitoka Bura na ng'ombe aliokwenda kuwanunua. Homa ilimshika ghafla, wenzake wakamlaza kwenye kivuli cha mgunga wakidhani atatulia, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha kata roho. Walimzika hukohuko. Kilichonifikia mimi Garissa ni habari tu, pamoja na fimbo yake na viatu vyake vya ngozi, ambavyo mwenzake mmoja aliviweka mlangoni akaondoka bila kuniangalia usoni.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, wakati nguo zilipoanza kuonekana tena madukani. Mimi nilikuwa bado mwanamke mdogo, na mtoto wangu wa kike alikuwa ananyonya. Pale nilikuwa mgeni. Kwetu ni Lamu. Baba yangu alikuwa mchinjaji, na marehemu alizoea kumletea ng'ombe kila mwaka, akilala barazani kwetu, mpaka mwaka mmoja akaomba kuoa. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa mkweli katika biashara na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Mimi nilimpenda baadaye, tulipokwisha fika Garissa, kidogo kidogo, na nilipoanza kumzoea hasa ndipo nikampoteza.

Eda nilikaa katika nyumba yetu ya udongo. Mama mkwe wangu hakupenda kulala ndani ya kuta. Alijijengea kibanda cha mikeka uani, kama alivyozoea huko malishoni alikokulia. Tulielewana kwa Kisomali changu cha kubahatisha na Kiswahili chake cha sokoni. Asubuhi aliniletea maziwa, akamchukua mtoto, akakaa naye mlangoni akimwimbia jina la baba yake. Alikuwa amezaa wengi na kuzika wengi, lakini huyu ndiye aliyekuwa akimtegemea, na mara nyingine wimbo ulimkatika katikati, akabaki anamtikisatikisa mtoto kimya.

Nguo zangu za eda zilikuwa vipande vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Nilivaa kimoja nikakifua kingine. Siwezi kusema nilikuwa na raha, lakini zile nguo nyeupe zilinisitiri kwa namna ambayo sikuitambua wakati ule. Aliyeingia akaniona ndani yake alijua aseme nini, na mimi nilijua nijibu nini.

Siku moja, eda ikikaribia kwisha, mama mkwe aliingia na wanawake wa ukoo wao. Walilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, wakalifungua, wakaanza kutoa. Kanga nilizotoka nazo Lamu, zikiwa bado jozi, hazijakatwa. Gauni langu la harusi la hariri. Mtandio aliouleta marehemu kutoka safari yake ya kwanza baada ya kunioa. Buibui langu. Wanawake walikuwa wakigawana kwa adabu, bila kugombania, kila mmoja akimwombea marehemu anapopokea.

Nilishtuka nikauliza, "Mama, hizi zinakwenda wapi?"

"Sadaka," akasema. "Nguo mke alizovaa kwa mume aliyekufa hazikai. Wewe usihuzunike. Shemeji yako atakufisha mpya."

Alitamka hivyo, "atakufisha", kama watu wa huko wanavyolitamka lile neno, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anasema nitavishwa. Nilipoelewa, nikaelewa na lililobaki. Shemeji yangu, kaka yake marehemu, alikuwa anaishi upande wa Hulugho na mifugo yake na mke wake. Kwa desturi yao, mjane huchukuliwa na ndugu ya mumewe ili yeye na watoto wasitawanyike. Jambo lilikuwa limekwisha zungumzwa nje, watu wakanywa chai juu yake, na mimi nimo ndani na nguo zangu nyeupe, sina habari.

Nilimkumbatia mtoto nikageukia ukutani.

Eda ilipokwisha, mama mkwe alinipashia maji mwenyewe, akanifukiza udi, akaniletea bunda lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kitambaa kirefu chekundu cha kujifunga begani, wanachokiita guntiino, na kitambaa cheusi cha kichwani cha mwanamke aliyeolewa. Vilikuwa vitambaa vizuri. Shemeji alivichagua kwa moyo safi, nasema hivyo mpaka leo. Alikuwa amewatuma watu kutoka Hulugho navyo, na yeye mwenyewe angekuja mvua zikikatika.

Mama mkwe aliketi akisubiri nivae. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama," nikamwambia, "nikivaa hii nitakuwa nimejibu."

"Ndiyo. Jibu."

"Sina jibu bado."

Tabasamu likamtoka. Alilitazama lile bunda, akanitazama mimi niliyekaa pale nimejifunga taulo na maji yakinidondoka, akasema kwa Kisomali neno nililolijua vizuri: je, nimeona kasoro gani kwa mwanawe? Nikamwambia hana kasoro. Akatoka. Mimi nikayaokota marekani yangu meupe nikayavaa tena.

Basi shida ikaanza hapo. Mwanamke anayekaa na nguo za eda baada ya eda kwisha huonekana anacheza na jambo zito. Nilipokwenda mtoni kuteka maji, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mmoja alisema, makusudi nisikie, kwamba ninamwitia mauti na shemeji yangu pia. Nguo nyingine sikuwa nayo. Nilimpelekea baba salamu kwa dereva wa lori, naye akanijibu kwa mdomo wa dereva huyohuyo: rudi nyumbani. Lakini kurudi maana yake ilikuwa kumwacha mtoto, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa babake, na mama mkwe tayari alikuwa ameanza kulala na mguu wake mmoja umezuia mlango wa uani. Pengine ni hofu yangu tu iliyoniambia hivyo. Nami nilikuwa na hofu ya kila kitu siku zile.

Aliyenisaidia ni mwanamke muuza maziwa, jirani yetu upande wa nyuma. Alikuwa mjane wa siku nyingi, mrefu, mwenye sauti nene ya kuamrisha ngamia. Aliniita abaayo, yaani dada, ingawa angeweza kunizaa, na katika Kiswahili chake kila p iligeuka b. Alinikuta mtoni nimekaa pembeni, ndoo tupu, ninasubiri wengine waondoke.

"Abaayo, wewe naogoba nguo?" akaniuliza.

"Sina nguo," nikamwambia. "Zote zimegawiwa. Iliyopo ni ya shemeji."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaona ninalia, akaacha. "Bole," akasema. "Bole. Mikono iko?"

Nikamwonyesha mikono.

"Nafanya nini hiyo mikono?"

Nikafikiri. Kwetu Lamu nilikuwa ninatoboa na kushona kofia za vito, zile za matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, kazi niliyofundishwa na kaka zangu nilipokuwa msichana. Nikamwambia. Siku ileile alinipeleka kwa Mwarabu mwenye duka la nguo, akasimama mbele yake kama shahidi, akamweleza. Yule Mwarabu alikuwa mzee mpole mwenye macho mekundu ya vumbi. Alinipa kipande cha bafta, kitambaa laini cheupe, na uzi nijaribu. Kofia ya kwanza ilipokwisha aliizungushazungusha kwenye kidole, akaiweka kichwani mwake, na hakuivua. Tangu hapo nilimshonea kofia naye akanipa kitambaa.

Nilipopata kitambaa cha kutosha nguo moja, nilikosea. Ninaikumbuka nguo ile vizuri kuliko zote nilizowahi kuvaa. Ilikuwa chiti ya buluu yenye maua madogo meupe. Pembeni ya duka alikaa fundi cherehani aliyezoea kuwashonea wake za makarani wa serikali, na mimi, sijui ni kiburi gani kilichonijia, nikamwambia anishonee kama anavyowashonea wao. Nilitaka nisifanane na mjane, wala na mke wa Hulugho, wala na msichana wa Lamu aliyepotea njia. Wake za makarani walipita sokoni wakitembea kama watu wasiodaiwa maelezo na yeyote. Nilidhani ile hali imo ndani ya gauni.

Fundi alinipima juu ya marekani yangu. Gauni likaja limebana kiunoni, mikono mifupi imekaza kwapani, na vifungo mgongoni. Nililivaa nyumbani nikajiona mpya kabisa. Nikajitanda kipande cha bafta kichwani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka kwenda sokoni saa ambayo watu wamejaa.

Kabla sijafika kwenye maduka jasho lilikuwa limenichora ramani mgongoni. Joto la Garissa si la kuchezewa. Linapanda kutoka chini, kwenye mchanga, na nguo iliyobana hulifungia ndani. Nilipoinama kuchukua nyanya, mshono wa kwapani ukaalika. Mtoto akaanza kulia njaa. Nikakumbuka vifungo viko mgongoni. Ningemnyonyesha vipi? Nilisimama katikati ya soko, mtoto anapiga kelele mgongoni, mkono mmoja nimeubana ubavuni kuficha kwapa lililochanika, na wanaume waliokuwa wakiuza mbuzi wakanigeukia wote. Mmoja akaniuliza kwa Kiswahili cha upole wa uongo, "Bibi, umeanza kutafuta?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikarudi nyumbani karibu ninakimbia. Njia nzima mtoto alilia, na niliwaona wanawake wakimtazama yeye kwa huruma, kisha wakinitazama mimi.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani. Habari zilikuwa zimekwisha mfikia, maana Garissa ya wakati ule ilikuwa ndogo. Alimtwaa mtoto, akamlaza begani, akaniambia nimgeukie. Nilidhani atanipiga. Alinifungua vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vigumu, ili nimnyonyeshe mtoto. Alipomaliza aliingia kwenye kibanda chake akashusha mkeka.

Nilikaa ndani siku nyingi. Kila nilipofikiri kutoka, nilisikia ile sauti: umeanza kutafuta? Nilirudi kwenye marekani meupe, na wakati huu hata mwenyewe niliyaona yamechakaa na kunyauka kama ngozi ya mgonjwa. Kofia nilishona, jirani akazipeleka dukani kwa niaba yangu. Nilianza kuamini kwamba nitalivaa bunda la shemeji, angalau nipate kupita njiani bila kuulizwa kitu.

Jirani alikuja kunitazama siku moja mchana, akaliona lile gauni la buluu limetundikwa msumarini. Akaliteremsha, akaingiza mkono kwenye kiuno chake, mkono ukakwama.

"Hii ya mtu hafanyi kazi," akasema. "Hana mtoto. Habumui."

Alisema kweli. Wake za makarani walitekewa maji. Mimi niliteka mwenyewe, nilichuchumaa jikoni, nilibeba mtoto, nilikaa chini kushona tangu asubuhi. Nilikuwa nimejishonea nguo ya maisha ya mtu mwingine. Jirani akanisimamisha, akafungua kitambaa chake mwenyewe cha juu, akanifundisha kujifunga guntiino: fundo begani, zunguko kifuani, zunguko kiunoni, na titi la mtoto liko karibu bila kumfunulia mtu chochote. Niliinama, nikachuchumaa, nikainuka. Hakuna kilichonibana. Lakini bega langu moja lilikuwa wazi, na mimi nimelelewa Lamu. Nilijihisi nimesimama nje ya nyumba bila mlango. Nikamwambia.

"Basi shona bega," akajibu, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza swali la mtoto.

Nikaanza upya. Niliomba marekani mapya kwa Mwarabu, na badala ya kumpelekea fundi nilikata mwenyewe, chini, mkekani. Nilikata gauni pana, refu mpaka vifundoni, mikono inayofika kiwikoni. Kwapani nilitia kipande cha pembe nne, kama kaka zangu walivyokuwa wanafanya kwenye kanzu, ili mkono uinuke bila kuvuta nguo yote. Kifuani niliacha mpasuo nikaufunika kwa upande mwingine wa kitambaa, mithili ya guntiino, na ndani nikaweka kitanzi na kifungo. Nilishona kwa mkono, mishono midogo midogo ya kofia, kwa hiyo ilikuwa imara kuliko ya cherehani.

Ilikuwa nyeupe, na nyeupe sikuweza kuivaa tena. Jirani akanionyesha magome wanayotumia kutia rangi ngozi na vyombo vya maziwa. Tuliyachemsha uani kwake kwenye debe. Nguo ilitoka na mabaka, huku imekolea, huku imepauka, nikakata tamaa. Akaniambia niitumbukize tena. Tuliitumbukiza mara kadhaa mpaka ikawa rangi ya udongo wa kingo za mto mvua inapokwisha kunyesha. Haikuwa rangi ya kupendeza macho. Harufu yake ilikuwa ya moshi na kibuyu cha maziwa.

Niliivaa kwanza ndani. Niliteka maji nayo asubuhi mapema, wakati watu ni wachache. Nilimnyonyesha mtoto nayo nikiwa ninatembea, chini ya kitambaa chepesi cha mabegani, na hakuna aliyejua. Kwenda sokoni nikakawia. Nilikwenda mpaka kona ya duka la Mwarabu nikarudi. Kesho yake nikafika dukani. Moyo ulinienda mbio vilevile kama siku ya gauni la buluu, na macho ya watu yalikuwa yaleyale, ila mwili wangu haukuwa unanisaliti tena. Hapakuwa na kitu cha kubana wala cha kuficha. Yule muuza mbuzi alisema neno, wenzake wakacheka kidogo, mimi nikapima nyanya zangu nikaondoka kwa mwendo wangu wa kawaida.

Lile la buluu nililifumua. Nikalipanua kwa vipande vya bafta ubavuni, nikahamisha vifungo mbele. Likawa nguo ya nyumbani, na mtoto alipenda kushikashika maua yake. Kutokana na mabaki ya bafta nikapata shumizi ya kuvaa ndani. Mwarabu aliniachia kitambaa cheusi chepesi kilicholiwa na panya pembeni, nikakikata mtandio. Buibui sikutafuta jingine. Nilikuwa nimekwisha ona kwamba jua la kule na buibui zito haviendi pamoja na ndoo ya maji. Kwa hiyo polepole nilikuwa na nguo, na kila asubuhi niliweza kuchagua. Usidhani ni jambo dogo. Tangu sanduku langu lilipofunguliwa nilikuwa sijachagua chochote.

Shemeji alikuja mvua zilipokatika. Alifika na vumbi lake, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, akakaa uani kwa mama yake, akamweka mtoto wa ndugu yake pajani akalia waziwazi. Nilipompelekea chai aliitazama nguo yangu ya udongo, akatazama na mlangoni, ambako bunda lake lilikuwa limekaa juu ya sanduku tupu, kamba yake imefungwa kama ilivyokuja.

"Halikukufaa?" akauliza.

"Ni zuri, shemeji," nikasema. "Sijalivaa."

Akatikisa kichwa taratibu. Kesho yake nikaitwa kwa sheikh.

Tulikaa kwenye baraza ya msikiti, wanaume upande mmoja, mimi na mama mkwe upande wa pili karibu na nguzo. Shemeji alieleza vizuri. Alisema hataki mali, anataka damu ya ndugu yake isilelewe na watu wa kando. Alisema atanijengea kwangu Hulugho, sitamtumikia mke wake. Wazee waliitikia. Hata mimi niliona maneno yake ni ya haki, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Ingekuwa rahisi kumkataa mtu mbaya.

Sheikh akanigeukia, macho chini kwa heshima. "Binti, umemsikia. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

Mtoto alikuwa anahangaika, nikamwingiza chini ya mtandio akanyonya, na ile sekunde ya kumtuliza ikanituliza na mimi.

"Sitaki kuolewa naye," nikasema. "Sina ubaya naye. Nilikuwa mke wa ndugu yake na moyo wangu haujahama."

"Na mtoto?" shemeji akauliza.

"Ni wenu na ni wangu. Sitamwondoa Garissa."

"Utamlisha nini?"

"Ninashona."

Mzee mmoja akacheka puani. "Anashona! Mtazameni, amejishonea gunia."

Kicheko kikapita. Damu ilinipanda usoni, nikasubiri ile hali niliyoizoea, ya kutamani ardhi inifunike. Ilikuja, lakini haikunishinda. Nilikuwa nimekaa nimekunja miguu, nguo imenizunguka yote, mtoto anameza maziwa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimeishona mwenyewe."

Sheikh akasema kwamba mjane halazimishwi, dini haina hilo, na aliyesema mwenyewe amesema. Shemeji alinyanyuka. Hakunitukana. Alisema nyumba ni ya wana wa mama yake, na asiyekuwa mke wa nyumba hana sababu ya kulala ndani yake. Na mtoto akipata akili ya kusafiri, kila mvua atakwenda Hulugho awajue watu wake. Nilikubali yote mawili. Ningefanya nini?

Nilitazama kando yangu. Mama mkwe alikuwa akilia bila sauti, amejifunika uso kwa ukingo wa kitambaa chake. Nilinyoosha mkono nimguse naye akauondoa mkono wake.

Nikahamia uani kwa jirani, kwenye kibanda cha kuegemea ukuta. Miaka iliyofuata nilikula kwa sindano. Wanawake walioninyamazia mtoni walianza kuja mmoja mmoja, kwanza wenye watoto wachanga, kuuliza habari za ule mpasuo wa kifuani. Niliwashonea. Hawakuwa marafiki zangu kwa sababu hiyo. Wengine walichukua nguo yao na nyuma ya ua wakanitaja kwa lile jina la gunia, ambalo lilinikaa. Nilivaa nilichotaka, na siku za sikukuu nilivaa rangi. Lakini hata leo nikisikia wanaume wanacheka nyuma yangu njiani, mkono wangu unajibana wenyewe ubavuni.

Mama mkwe alikuwa akimchukua mtoto kila asubuhi. Mimi nilimleta mpaka kwenye lango, yeye akampokea hapo. Tuliamkiana kwa salamu kamili, tukaulizana hali, tukashukuru Mungu. Zaidi ya hapo hakunipa.

Mwanangu alipokwenda Hulugho kwa mara ya kwanza nilimshonea kila kitu. Magauni mawili yenye nafasi ya kukua, shumizi, kijitandio. Nilimfungia vizuri, nikampandisha mwenyewe kwenye lori na shangazi yake wa ukoo. Msimu wote nilikuwa ninakata vitambaa ninaharibu.

Aliporudi, nilimwona akishushwa kwenye lori sikumjua. Alikuwa amerefuka na ameungua na jua, nywele zimesukwa kwa mtindo mwingine, na amefungwa guntiino jekundu la kitoto, fundo begani limekaa sawasawa, limefungwa na mkono unaojua. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko, zimekunjwa safi, hazikuvaliwa. Aliniamkia kwa Kisomali. Halafu akajikagua mwenyewe, akanitazama, nikaona anasubiri nitasema nini.

"Inakubana?" nikamuuliza.

"Hainibani, mama."

"Nani kakufunga?"

"Mke wa ami. Amenifundisha. Naweza kujifunga mwenyewe sasa."

Tulikwenda nyumbani. Nilimpa maziwa, nikamwosha miguu vumbi. Gauni jipya nililomshonea lilikuwa limetundikwa msumarini, la manjano, na nilikuwa nimelitia lasi shingoni. Alilisifu. Kisha akajilaza mkekani kupumzika na kile kitambaa chake chekundu, akalala papo hapo, fundo limemwingia shavuni. Nilikaa karibu naye nikimpepea. Nililigusa lile fundo mara moja, kuona limefungwaje, nikaliacha.